Fundi wa Sauti Nzito

Aliyefika kwa Fundi mara ya kwanza aliuliza Fundi yuko wapi, na aliyemjibu alikuwa Fundi mwenyewe. "Ngoja kidogo, anakuja." Angemaliza kuchambua maharage yake, angenawa mikono, angejifuta kwa ncha ya kanga, kisha angeketi nyuma ya meza iliyojaa redio zilizofumuliwa matumbo na kusema, "Haya, ameshafika. Kuna nini?" Wengine walicheka. Wengine walibeba redio zao wakaondoka, na baada ya wiki mbili walirudi na redio ileile, imeharibiwa zaidi na fundi mwanamume.

Mimi sikucheka wala sikuondoka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimebeba spika ndani ya mfuko wa salfeti, na aibu ilinizuia kufanya lolote.

"Nani kaichana hii?" aliuliza alipoitoa.

"Mimi, Fundi."

"Kwa panya au kwa kisu?"

"Kwa wembe."

Aliigeuza spika kwenye mwanga wa mlango. Karatasi yake nilikuwa nimeipasua mistari saba, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayechanja samaki wa kukaanga. Nikamweleza. Dereva mmoja wa malori ya mahindi kutoka Zambia alikuwa ameniachia kanda. Ndani yake kulikuwa na magitaa ambayo sikuwahi kuyasikia redioni: yanakoroma, yanasaga, mazito kama jiwe la kusagia, na bado kila uzi unasikika. Dereva aliuita muziki huo metali. Nilijaribu kuipata sauti ile kwenye gitaa la bendi yetu kwa kila njia niliyoijua, na wembe ndio uliokuwa njia ya mwisho.

"Iweke hiyo kanda," akasema.

Aliisikiliza kichwa kikiwa kimeinama. Wimbo ulipoanza kunoga, mimi nikaanza kutikisa mguu, yeye akaizima. Akairudisha nyuma, akasikiliza mwanzo tena. Akaizima. Mara tano. Hakufika hata pale mwimbaji anapoanza kuimba.

"Hii si spika iliyochanika," akasema hatimaye. "Hizi ni valvu."

Akafungua droo akanionyesha moja: kichupa cha kioo, kirefu kama kidole gumba, ndani yake vibati vidogo na waya mwembamba kama unywele. Akanieleza, na tangu siku ile sijapata mwalimu aliyenieleza jambo kwa maneno machache hivyo. Sauti ya gitaa ni ndogo, alisema. Inaingia kwenye valvu ya kwanza inakuzwa. Inaingia ya pili ikiwa tayari imeshiba, inakuzwa tena. Ikifika ya tatu haina pa kupita, inabanwa kichwani na miguuni. "Huko kubanwa ndiko unakokupenda wewe. Unataka amplifaya ya valvu yenye hatua nyingi za kukuza. Wembe wako rudishia ndevu."

Ile ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa milango. Sumbawanga, mji uliokuwa umezoea kupanga foleni ya sabuni, ulijaa ghafla vitu ambavyo hatukuvijua hata majina. Malori yalipanda kutoka Tunduma yakishusha redio kaseti zenye taa za rangi, saa za kuongea, mipira ya kung'aa ya disko. Ruksa hiyohiyo ndiyo iliyomfukuza Fundi kazi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi Arusha, kwenye kiwanda cha redio, katika safu ya wanawake waliolehemu nyaya kuanzia asubuhi hadi jioni. Redio za nje zilipoanza kuingia, kiwanda kikapunguza watu, kikapunguza tena, kikafunga milango. Akarudi kwao na sanduku la valvu ambazo hakuna aliyezitaka, chuma chake cha kulehemu, na barua ya shukrani. Kisha zile redio za nje zikaanza kuharibika, moja baada ya nyingine, na wenyewe wakampelekea.

"Zilinifukuza," alikuwa akisema, "sasa zinanifuata."

Ukimtazama akifanya kazi, jambo la kwanza uliloliona ni kwamba alitumia mkono mmoja. Wa kushoto ulikaa ndani ya mfuko wa aproni. Watu walisema anaringa. Wapo walioapa kwamba mkono ule umeshika dawa. Mimi nilimuuliza, naye akanijibu bila kuinua macho: umeme ukikuingilia mkono mmoja ukatokea mwingine, njiani unapita moyoni; lakini ukiwa na mkono mmoja tu kazini, unaungua kidole. Amplifaya za valvu zina umeme mkali kuliko ule wa ukutani, na zinauhifadhi hata baada ya kuchomolewa. Kila alipofungua moja, kwanza aliunyonya umeme wote uliobaki kwa waya maalumu alioutengeneza mwenyewe, na cheche ikaruka. "Imezimwa," alisema, "lakini ilikuwa haijalala."

Mtu huyohuyo, wingu jeusi likitokea upande wa milima ya Mbizi, alichomoa kila kitu nyumbani, akavaa ndala, akaenda kuketi jikoni juu ya kigoda, mikono magotini, hadi mvua iishe. Radi ilimtetemesha kama mtoto. Hakuona haya. Kwetu radi ina habari zake, na kila ikipiga mtu huulizwa alikosana na nani. Siku moja jirani yake, mama aliyeuza mihogo ya kukaanga, alimuuliza kama anaogopa ya kutumwa.

"Radi haitumwi na mtu," Fundi alisema kutoka jikoni. "Tatizo lake ni kwamba haina swichi."

Alikuwa Mkatoliki wa misa ya asubuhi, kila siku, hata baridi ya Juni iwe kali kiasi gani. Lakini kwenye misa hakuimba. Alichezesha midomo tu. Aliniambia wazi kwamba hana sauti na hana sikio la nyimbo, hawezi kutofautisha wimbo wa mavuno na wa mazishi kama hausikii maneno. Hili lilinishangaza kuliko yote. Mtu ambaye alisikiliza redio yenye ugonjwa kutoka nje ya mlango na kumwambia mwenye nayo ni kifaa gani kimekufa, alikuwa hawezi kukuimbia ubeti mmoja. Na ule muziki wangu hakuupenda hata kidogo. "Kama unaniuliza mimi," alisema, "hiyo ni mashine ya kukoboa. Ila kama mtu ameamua kupiga kelele, basi apige kelele safi."

Kiingereza chake kilikuwa cha kwenye michoro ya redio. Alijua maneno yote ya vifaa, lakini hakujua kusema habari za asubuhi. Nyumbani na mumewe, mkulima mpole wa ulezi na mahindi aliyeshinda shambani Mollo, walizungumza Kifipa, tena kidogo. Nyumba ile haikuwa na redio. Ndani ya chumba cha mbele zilikuwamo thelathini, zote za watu, na jioni zote zilinyamaza.

Sasa nieleze habari ya maksai.

Baba yangu alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga, akatua bonde la Rukwa, akaniachia nipande mjini kutafuta kazi kwenye maghala ya nafaka. Nilipotimiza miaka ile ishirini na mitatu alinipa maksai wawili wa kulimia. "Anza maisha," alisema. Alimaanisha shamba na mke. Mimi niliwauza mnadani, na kabla vumbi la mnada halijatulia nilikuwa mlangoni kwa Fundi kumwambia sasa nina uwezo wa kununua amplifaya. Baba sikumwambia kitu.

Kulikuwa na moja dukani barabara kuu, mpya, nyeusi, ina vitufe kama kumi na sita na taa nyekundu. Nilimpeleka aione. Mwenye duka aliiwasha, nikapiga gitaa, ikanguruma mpaka watu wakasimama nje. Nikamtazama Fundi nikitegemea pongezi. Yeye aliizunguka, akainyanyua kwa mkono mmoja, akaiweka chini.

"Nyepesi," akasema.

"Si ndiyo vizuri, mama?" mwenye duka alisema. "Haisumbui kubeba."

"Amplifaya ya valvu uzito wake ni transfoma. Hii ndani ina upepo."

Tukatoka. Nilikuwa nimekasirika. Njiani akaniambia kwamba wakati wa kiwanda aliwahi kusikia habari za mwanamuziki mmoja wa Mbala, ng'ambo ya mpaka, aliyepiga katika miji ya migodi zamani, na ambaye sasa ni mzee na ana vyombo vya valvu. Hakujua kama bado anavyo. "Twende tukaangalie," alisema, kana kwamba Mbala ni sokoni.

Tulikwenda kwa lori la mahindi, yeye mbele na dereva, mimi juu ya magunia. Tulilala Mwimbi kwa binamu yake, kesho yake tukavuka. Mzee tulimkuta. Kifipa cha Fundi na Kimambwe cha mzee vilielewana kama ndugu waliotengana muda mfupi, nami nikabaki kutabasamu. Amplifaya zilikuwa mbili, zimefunikwa mablanketi chumba cha nyuma, zote za valvu.

Ya kwanza nilipoigusa tu niliipenda. Uligusa uzi mmoja, nyumba ikajaa. Sauti iliendelea yenyewe, ikapanda, ikalia, madirisha yakatetema. Nilihisi nywele za mikononi zinasimama. Ya pili ilikuwa ya chuma cha kijivu, imepinda kona moja, na sauti yake kavu, kama haitaki kusema.

"Hii," nikasema, nikiigusa ya kwanza. "Fundi, hii hii."

"Piga tena. Lakini sasa ziba nyuzi kwa kiganja, pap, pap, pap, kama kwenye kanda. Halafu simama ghafla."

Nikapiga. Nikasimama. Amplifaya haikusimama. Ilibaki ikivuma, sauti za chini zimechanganyika kama uji.

"Sasa ile nyingine."

Nikapiga kwenye ya kijivu. Pap, pap, pap. Nikasimama, nayo ikasimama pamoja nami. Palikuwa kimya kabisa, hata tukasikia kuku nje. Fundi alikuwa amefumba macho.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo. Wewe unasikiliza sauti inavyoanza. Kila kitu kikianza ni kizuri. Sikiliza inavyonyamaza. Muziki wako ule wote umejaa kunyamaza, ndiyo maana unaonekana mzito." Kisha akaniamuru nipige nyuzi zote pamoja, akaniambia nitaje ni ngapi ninazozisikia. Kwenye ya kwanza nilisikia ngurumo moja. Kwenye ya kijivu nilizihesabu zote sita.

Akaifungua. Akaonyesha transfoma, kubwa kama tofali. Akachungulia namba za valvu, akasema nyingine za aina hiyo anazo kwenye sanduku lake, kwa hiyo ikiugua hatutahangaika. Ya kwanza ilitumia valvu ambazo hata Arusha walikuwa wameziacha. Akaongeza kwamba hii ya kijivu ina hatua tatu za kukuza, na kuna nafasi ya hatua ya nne ambayo ataiongeza mwenyewe.

"Wazee wetu Ufipa walipika chuma kwenye matanuri, siku na siku," alisema akifunga skrubu. "Hakuna aliyesikia kelele. Lakini jembe lilitoka."

Nikakubali kwa shingo upande. Kurudi, amplifaya ilipakiwa juu ya magunia na mimi nikailalia nisiiache ianguke. Valvu alizichomoa zote, akanunua debe la ulezi, akazifukia mle ndani moja moja kama mtu anayeficha mayai. Debe lile alilipakata mwenyewe mpaka Sumbawanga. Barabara ilikuwa mashimo matupu. Hakuna hata moja iliyopasuka. Ulezi ule baadaye tulikula ugali wake.

Alikaa nayo wiki mbili akiongeza ile hatua ya nne. Siku ya kuijaribu, ilikuwa saa kumi na mbili jioni, bendi yetu yote ilikuja, watu wanne, na majirani wakajaa mlangoni. Niliunganisha gitaa, nikainua mkono, nikapiga.

Ilitoka sauti ya mbuzi mwenye mafua.

Nikaongeza sauti. Mbuzi akaongezeka. Mpiga ngoma wetu akageuka ukutani ili acheke. Na mimi, mbele ya wote, mbele ya mama wa mihogo na mteja aliyekuja kuchukua redio yake, nikamgeukia Fundi nikapiga kelele. Nilisema amenipotezea maksai wa baba yangu. Nilisema nilikuwa na chaguo zuri mkononi, akanipa bati. Nikasema neno ambalo nalijutia hadi leo: nilisema angebaki na maharage yake.

Alitoa kipimo chake, akakichomeka ukutani, akatazama sindano kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa upole, kana kwamba hakuna aliyesema lolote, "Njoo baada ya siku nane."

Baadaye nilikuja kujua alichofanya siku zile nane. Umeme wa mji wakati ule ulitoka kwenye majenereta, na jioni kila nyumba ikiwasha taa, ulichoka. Siku tatu za kwanza alizunguka na kipimo chake asubuhi, mchana na jioni, nyumbani kwake, kwa jirani, hadi ukumbini tulipokuwa tukipigia, akiandika. Valvu ni kama mtu, zinahitaji joto lake kamili. Ukizipa pungufu zinalegea. Kule Mbala umeme ulikuwa na nguvu. Kwetu haukuwa nayo. Amplifaya ilikuwa nzima, mji ndio uliokuwa mgonjwa.

Siku tano zilizobaki alisuka transfoma ya kuunyanyua umeme. Kwa mkono. Alipata moyo wa chuma kutoka kwenye mashine mbovu ya kuchomelea, akanunua waya wa shaba, akaanza kuuzungusha, mzunguko baada ya mzunguko, safu juu ya safu, katikati ya kila safu karatasi iliyochovywa nta. Ukikosea idadi, kazi yote ni bure. Siku ya nne sikuvumilia, nikapita kuchungulia. Nilimkuta ameketi mlangoni kwenye jua, kajifunika shuka kwa baridi, mkono mmoja unazungusha, mwingine umeshika rozari. Midomo inacheza. Mama wa mihogo alinizuia nisimsemeshe.

"Anasali," alininong'oneza.

Muda mrefu baadaye nilimuuliza Fundi kama siku ile alikuwa anasali au anahesabu mizunguko. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwani ni vitu viwili?"

Tulipiga ukumbini Jumapili alasiri, baada ya misa ya pili. Tulianza na rumba kama kawaida, watu wakacheza. Halafu nikamwambia mpiga ngoma, "Sasa." Nikawasha hatua ya nne.

Nimepiga muziki mahali pengi tangu siku hiyo, na sijaweza kueleza vizuri kilichotokea. Sauti haikutoka kwenye spika, ilitoka sakafuni. Ilikuwa nzito na safi. Ilikuja ikatupiga kifuani, ikasimama. Ikaja, ikasimama. Na kila iliposimama, ukumbi mzima ulishikilia pumzi, watu mia na zaidi, hakuna anayekohoa, kama wanangoja waambiwe habari. Wapo waliotoka wakiziba masikio. Vijana wa stendi walikuja mbele wakapiga mayowe, "Mshikaji, tena!" Nilitazama dirishani nikamwona Fundi amesimama nje, pembeni ya ukuta, hataki kuingia. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, na kila tuliponyamaza aliitikia kwa kichwa.

Nyuma kabisa ya ukumbi alikuwapo baba. Sijui nani alimwambia. Amevaa kofia yake na koti la baridi, fimbo mkononi, kasimama wima kama aliyekuja kushitaki. Tulipomaliza nikamfuata.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akaelekeza fimbo kwenye lile sanduku la kijivu. "Hao ndio maksai wangu?"

"Ndiyo, baba."

Akaitazama sana.

"Basi wanalia vizuri," akasema, akaondoka kuwahi gari la bondeni.

Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Fundi kuomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno. Kabla sijaanza akaninyamazisha.

"Ulinitukana mbele ya watu?"

"Ndiyo, Fundi."

"Basi niombe radhi mbele ya watu."

Akatoka akamwita mama wa mihogo. Akamwita fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, na mwenye duka la chumvi, na waliokuwa wakipita. Walipofika kama kumi na watano akaketi, akakunja mikono, akangoja. Nikasema yote, moja baada ya jingine, pamoja na lile la maharage. Mama wa mihogo alilia kwa kucheka. Fundi hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Yameisha," na kweli yaliisha. Hakuyataja tena maisha yake yote, na alinihudumia amplifaya ile miaka minane bila kuninunia hata mara moja.

Wapo watakaosema ninamkuza. Alikuwa na kasoro zake. Hakujua kusifu, mtu akimletea kazi nzuri ya fundi mwenzake alitafuta kosa hadi alipate. Alikuwa mgumu kwa wavivu. Wateja wawili watatu aliwarudishia redio zao hazijaguswa kwa sababu hawakumsalimia. Kuna mmoja alikuwa mtu mkubwa wa ofisi fulani, akatuma dereva aulize redio ya bosi imefikia wapi. Fundi alimwambia dereva, "Kamwambie imefika mlangoni, inamsubiri aje aseme shikamoo." Na alikuja. Sisi tuliokuwapo tulitazama chini ili asituone nyuso.

Bendi yetu ilivunjika kama bendi zinavyovunjika. Mmoja alioa Mpanda, mmoja alifuata dhahabu, mimi nikafungua mashine ya kusaga Mwimbi. Amplifaya niliiacha kwa vijana wa ukumbi, na nilisikia waliendelea kuipiga. Miaka ilipita bila kumwona Fundi. Niliambiwa redio za siku hizi hazitengenezwi, zinatupwa, na kwamba chumba cha mbele kilikuwa kimegeuzwa ghala la mahindi.

Halafu mwaka mmoja, mwezi wa Novemba, nikapanda Sumbawanga kutafuta mkanda wa mashine. Nilipita mbele ya shule moja ya sekondari asubuhi, nikaona watahiniwa wa kidato cha nne wamejipanga mstari nje ya darasa, kila mmoja na kalamu zake ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Katikati ya mstari alikuwa amesimama Fundi. Nywele zimekuwa nyeupe. Amevaa sketi ya buluu na sweta, miwani shingoni kwa kamba.

Nikasogea hadi kwenye uzio. "Shikamoo, Fundi!"

"Marahaba. Usinichanganye, nina mtihani wa fizikia."

Msichana aliyekuwa mbele yake aligeuka. "Bibi, kwani wewe si msimamizi?"

"Mimi mtahiniwa. Geuka mbele, mstari unasogea."

Nilimngoja. Mkanda ungeweza kungoja, mashine ingeweza kungoja. Nilikaa kwenye jiwe nje ya lango nikaambiwa habari na mlinzi. Chuo cha ufundi kilimtaka akafundishe vijana umeme, lakini kanuni zilidai cheti cha kidato cha nne, naye alikuwa ameishia darasa la saba. Wakuu wa chuo walimwambia kwa haya. Yeye akawauliza tu mitihani hufanyika lini. Alisoma jioni miaka mitatu, akifundishwa Kiingereza na mjukuu wake, akafanya kwanza ule mtihani wa maarifa unaowafungulia wasiosoma sekondari mlango wa kidato cha nne, akapita, na sasa alikuwa pale. Nisimweke msomaji roho juu: alifaulu, na chuoni alifundisha mpaka miguu ilipomkatalia ngazi. Lakini asubuhi ile hakuna aliyejua hilo, na mimi kwenye jiwe lile nilitokwa jasho kuliko siku ya ukumbi.

Alitoka katikati ya kundi la wanafunzi wanaobishana majibu. Wao walikuwa wanapiga kelele. Yeye alitembea polepole, akitia kalamu kwenye mfuko.

"Imekuwaje, Fundi?"

"Waliotunga hawajambo. Kuna swali la mwangwi. Mtu amesimama mbele ya ukuta, anapiga makofi, sauti inamrudia. Wanataka umbali."

"Umejibu?"

"Nimejibu. Hesabu yake nyepesi." Alisimama, akakunja uso, jambo likimkera. "Lakini hawakusema ni ukuta wa nini. Wa tofali mbichi? Wa mbao? Una pazia? Unapigaje makofi bila kujua ukuta ni wa nini?"

"Sasa ukafanyaje?"

"Nimewapa jibu lao," alisema. "Chini yake nimewaandikia kwa Kiswahili kwamba inategemea ukuta."

Akanishika mkono tuvuke barabara, kwa sababu mchana alikuwa na karatasi ya pili na alitaka kwanza kula.